Tetemeko la Rukwa la 1910 na hesabu ya kurudi kwenye chanzo

Jumanne ya tarehe 13 Desemba 1910, baada ya saa nane na nusu mchana kwa saa zetu za leo, ardhi ya Rukwa ilitikisika. Ukubwa wa tetemeko hilo ulikuja kukadiriwa kuwa 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa barani Afrika. Kashaulili, ambayo leo ni kata ya mjini Mpanda, haikuwa na shughuli za mji wakati huo. Mji ulikuja kukua miongo kadhaa baadaye, kwa mgodi wa risasi na reli ya kutoka Kaliua.

Hakuna aliyeuona mwamba ukipasuka chini huko. Kilichobaki ni mistari iliyochorwa na mashine za vituo vya mbali, vingi vikiwa Ulaya, na wanasayansi wakabaki na swali gumu: mistari hii imetokana na kitu gani, wapi, na kina gani? Ukijua chanzo cha tetemeko, kukokotoa mawimbi yatakavyofika si kazi ngumu sana. Kutoka kwenye mawimbi kurudi kwenye chanzo ndiko kuna mtihani, kwa sababu vyanzo tofauti vinaweza kuacha alama zinazofanana.

Mwaka uleule wa 1910, Ludwig Geiger alichapisha huko Göttingen, Ujerumani, njia ya kulijibu swali hilo. Unaanza kwa kukisia. Unaweka kitovu mahali fulani, unataja kina na saa, kisha unahesabu mawimbi yangefika lini katika kila kituo. Unalinganisha na muda ulioandikwa na mashine. Kila kituo kitakuwa na tofauti yake. Unazipandisha tofauti hizo kwa mraba, unazijumlisha, halafu unasogeza kitovu upande utakaopunguza jumla. Unarudia mpaka isipungue tena. Kanuni hiyo ya miraba ilichapishwa na Mfaransa Legendre mwaka 1805, na Gauss, aliyeongoza kituo cha kuangalia nyota hapohapo Göttingen, akaieleza mwaka 1809. Kwa mkono, hesabu ya Geiger ilichosha mno. Ilianza kutumika kwa wingi kompyuta zilipopatikana, karibu na 1960.

Tuseme saa ya kituo kimoja imepotoka kwa sekunde 10, jambo ambalo kwa vituo vya enzi zile halikuwa la ajabu. Mawimbi ya kwanza hupita chini ya ganda la dunia kwa kasi ya takriban kilomita 8 kwa sekunde. Kosa hilo dogo linakuwa kilomita 80 au zaidi, karibu nusu ya umbali wa Sumbawanga hadi Mpanda ukipima kwa mstari mnyoofu. Mwingereza Harold Jeffreys, mtaalamu wa matetemeko na wa nadharia ya uwezekano, alilishughulikia jambo hili kwa kuvipunguzia uzito vipimo vilivyo mbali mno na vingine, ili kituo kimoja kibovu kisiviburute vyote. Mwaka 1982 Albert Tarantola na Bernard Valette wakaenda mbele zaidi: jibu la swali la namna hii si nukta, ni eneo zima, na kila sehemu ya eneo hilo ina kiasi chake cha kuaminika. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia hii.

Tetemeko letu la 1910 lilichunguzwa upya mwaka 1991 na Nicholas Ambraseys, aliyetumia pia maandishi ya watu wa wakati ule, siyo mashine peke yake. Mwaka 1994 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Pennsylvania, Marekani, walitandaza vituo vya muda nchini. Tarehe 18 Agosti mwaka huo Rukwa ikatikisika tena, safari hii kwa ukubwa wa 5.9, na hesabu zikaonyesha kina cha kilomita 25 hivi. Hicho ni kina kirefu kwa tetemeko la bara.

Viwanda navyo vilikuwa vimeshapita hapa kwa hesabu za ukoo huohuo. Kampuni ya mafuta ya Amoco ilipima bonde la Rukwa kwa mitetemo ya kutengenezwa, na mwaka 1987 ikachimba visima vya Ivuna na Galula. Mafuta ya kuvunwa hayakupatikana.

Kisha tarehe 5 Desemba 2005 Ziwa Tanganyika likatoa tetemeko la 6.8, na nyumba zikaanguka Kalemie, ng'ambo ya pili. Mpanda iko kati ya ziwa hilo na bonde la Rukwa. Kwa hiyo mhandisi anayepitisha michoro ya ghorofa Kashaulili asiwekewe mezani ramani yenye nukta moja ya 1910 huko kusini. Awekewe lile eneo lote ambamo kitovu kingeweza kuwa, pamoja na kina chake, na aamue unene wa nguzo akiwa analitazama.