Mdogo Amwamshaye Mkubwa: Historia ya Swichi ya Sumaku

Ndugu msomaji, tuanze na jambo ambalo wazee wa mtoni walilijua kabla ya sisi kuona waya wa umeme. Karibu na Kisangani, kando ya mto mkubwa, Walokele walizoea kupashana habari kwa lokole, yaani ngoma ya gogo lililochimbwa ndani, yenye sauti mbili, ya juu na ya chini. Jioni, hewa ikiwa imetulia, sauti yake ilisikika kilomita kadhaa. Lakini hata ikipigwa na kijana mwenye mikono ya nguvu, sauti hiyo huchoka njiani na kufa. Basi habari zilifikaje mbali? Mpigaji wa kijiji cha pili aliisikia sauti hafifu, akatwaa fimbo zake, akaipiga habari ileile upya kwa nguvu za mikono yake mwenyewe. Wa kijiji cha tatu akafanya vivyo hivyo. Sauti ya kwanza haikufika, lakini habari ilifika nzima.

Umeme nao una mpigaji wake wa kijiji cha pili. Ni chombo kidogo kiitwacho rele. Rele ni swichi, lakini si ile ya ukutani ambayo mtu huibonyeza kwa kidole. Kidole chake ni sumaku. Umeme mdogo, uliochoka kwa safari ndefu, huiamsha sumaku. Sumaku hufunga swichi. Na swichi huufungulia njia umeme mwingine wenye nguvu nyingi. Leo nataka kuwasimulia chombo hiki kilitoka wapi, na ni nani tunayepaswa kumshukuru.

Hadithi yaanza mwaka 1820 katika mji wa Copenhagen, nchi ya Denmark. Mwalimu mmoja, Hans Christian Ørsted, aliona ya kuwa sindano ya dira hugeuka ikiwekwa karibu na waya unaopitisha umeme. Kumbe umeme na sumaku ni ndugu! Miaka mitano baadaye, mwaka 1825, Mwingereza William Sturgeon, aliyepata kuwa fundi viatu na askari, alikipinda kipande cha chuma kama kwato la farasi, akakizungushia waya. Alipopitisha umeme, chuma kikawa sumaku. Alipoukata, chuma kikarudi kuwa chuma tu. Sumaku ya kawaida haiwezi kuambiwa iache kuvuta, lakini hii ya Sturgeon yatii: ukisema vuta, yavuta, ukisema acha, yaacha. Pasipo utii huo, swichi ya sumaku isingewezekana.

Sasa tufike Marekani, katika mji wa Albany. Huko alizaliwa Joseph Henry mwaka 1797, mtoto wa watu maskini. Ujanani alitumwa kujifunza kazi kwa fundi wa saa, na baadaye, kwa bidii yake ya kusoma, akawa mwalimu katika shule ya mji ule. Waya wa Sturgeon ulikuwa uchi, kwa hiyo mizunguko yake haikuweza kugusana. Henry akauvika waya wake hariri kama mtu avikwavyo nguo, hata akaweza kuuzungusha mara nyingi, tabaka juu ya tabaka. Mwaka 1831 alitengeneza sumaku ya umeme kwa ajili ya chuo cha Yale, nayo ikainua mzigo wa kilo zaidi ya 900. Mwaka huohuo alitandaza ndani ya chumba waya wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu, akapitisha umeme, na kengele ndogo iliyokuwa mwisho wa waya ikalia.

Henry alijifunza hapo jambo moja zito. Sumaku ya kuinua mizigo hutaka umeme mwingi, nao hauwezi safari ndefu. Sumaku ya mwisho wa waya mrefu hupata umeme kidogo tu, wa kutikisa kengele, si wa kuinua jiwe. Mmoja ana nguvu lakini hafiki. Mwingine afika lakini hana nguvu. Mtu afanyeje?

Henry alipohamia chuo cha Princeton alipata jibu, kama mwaka 1835. Aliwaunganisha wote wawili. Mwisho wa waya mrefu aliweka sumaku ndogo. Umeme ulipofika, sumaku ile haikuinua mzigo wowote. Ilivuta tu kijiwaya chepesi. Lakini kijiwaya hicho kilikuwa ndiyo njia ya umeme wa sumaku kubwa iliyokuwa imeshika mzigo wa mamia ya kilo. Kilipovutwa, njia ile ikakatika, sumaku kubwa ikaachia, na mzigo wote ukaanguka kwa kishindo. Mwezi wa nne mwaka 1837 Henry alikuwa mjini London, akamweleza mtaalamu Charles Wheatstone habari hizo. Alimwambia ya kuwa kwa njia hiyo mtu angeweza kupiga kengele kubwa za kanisa akiwa mbali nazo kilomita 160 na zaidi. Hebu fikiri, msomaji, kengele ya parokia yako ikipigwa na mtu aliye safari ya siku nyingi kwa miguu!

Tukiwa katika habari za kengele, tusimsahau padri mmoja. Nicholas Callan alikuwa padri wa Ireland, mwalimu wa elimu ya maumbile katika seminari ya Maynooth tangu mwaka 1826. Naye alizisoma kazi za Sturgeon, akatengeneza sumaku kubwa za umeme, na mwaka 1836 akavumbua mtambo wa nyaya mbili, nene na nyembamba, zilizozungushiwa chuma kimoja. Mtambo huo hutoa umeme mkali kila mara umeme wa waya mnene unapokatwa ghafula. Basi yapasa kuukata na kuuunganisha upesi upesi, na Padri Callan aliunda mashine ya kufanya hivyo. Haikupita miaka mingi, Johann Philipp Wagner, mfanyabiashara wa Frankfurt, pamoja na daktari Neeff wa mji huohuo, wakaifanya sumaku yenyewe iwe mkataji: sumaku huvuta nyundo ndogo, nyundo ikivutwa hukata umeme, umeme ukikatika nyundo hurudi mahali pake na kuuunganisha tena, na hivyo bila kuchoka. Ndivyo ilivyolia pia kengele ya umeme iliyowekwa katika milango ya nyumba nyingi: trrr!

Sasa nieleze jambo la kusikitisha. Samuel Morse alikuwa mchoraji wa picha, si mtaalamu wa umeme. Alitamani sana kupeleka maandishi kwa waya, lakini mwanzoni umeme wake haukwenda mbali. Mwenzake, Profesa Leonard Gale, aliyekuwa amesoma maandiko ya Henry, akamwonyesha namna ya kuzungusha waya na kupanga batri, na mwisho wa mwaka 1837 ishara zao zikapita katika waya wa kilomita 16. Morse naye aliwaza kutumia sumaku ya waya wa kwanza ili kuuamsha waya wa pili, na wa pili kuuamsha wa tatu. Alipomwendea Henry kuomba shauri, Henry hakumficha neno. Hata mwaka 1842 alimwandikia barua ya kumtia moyo, nayo ikamsaidia alipoomba fedha za serikali. Tarehe 24 Mei 1844 Morse alipeleka kutoka Washington hadi Baltimore maneno ya kitabu cha Hesabu, sura ya 23, mstari wa 23, na ulimwengu ukashangaa.

Henry hakuwa ameomba hati yoyote ya kumlinda kwa uvumbuzi wake. Aliona ya kuwa elimu ni mali ya watu wote. Lakini mwaka 1845 mwenzake Morse, Alfred Vail, alipotoa kitabu juu ya telegrafu, sehemu ya Henry katika kazi ile haikutajwa ipasavyo. Kesi za watu waliogombania telegrafu zilipofika mahakamani, Henry aliitwa kuwa shahidi, akasema kweli bila kupunguza wala kuongeza. Morse akakasirika. Mwaka 1855 alichapisha maandishi marefu akidai ya kuwa hana deni lolote kwa Henry. Waswahili husema: fadhila ya punda ni mateke. Wakuu wa taasisi ya Smithsonian, ambayo Henry alikuwa katibu wake wa kwanza tangu mwaka 1846, walichunguza maneno hayo, na mwaka 1857 wakatangaza ya kuwa Henry hakusema uongo.

Tusimhukumu Morse kupita kiasi. Alivumilia umaskini na kuchekwa miaka mingi. Telegrafu yake ilifanya kazi kweli, na herufi zake za nukta na mistari zilizunguka dunia. Lakini ona ajabu hii: chombo chake hakikuweza kufika mbali mpaka mdogo asiyeonekana amwamshe mkubwa, na yeye mwenyewe hakufika mpaka ainuliwe na mtu asiyedai kitu. Kumshukuru kungemgharimu nini?

Kutoka telegrafu, rele ilikwenda kuokoa maisha ya watu. Zamani treni mbili ziliweza kukutana katika reli moja kwa sababu mlinzi amesinzia. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alipata hati ya uvumbuzi wake. Reli hukatwa kwa vipande, na kila kipande hupitishwa umeme mdogo: batri upande mmoja, rele upande wa pili. Njia ikiwa tupu, umeme hufika, sumaku hushika, na taa husema: pita. Treni ikiingia, magurudumu yake ya chuma huupa umeme njia ya mkato. Haufiki tena kwenye rele. Sumaku huachia, na taa husema: simama. Na reli ikivunjika je? Batri ikifa? Mwizi akikata waya? Sumaku huachia vilevile, na taa husema: simama. Kila kosa la namna hii hukomea upande wa usalama. Fundi aliyewaza hivyo alijua udhaifu wa wanadamu na wa vyombo vyao.

Baadaye watu waligundua ya kuwa rele nyingi pamoja zaweza kuhesabu, kwa kuwa kila moja hujibu ndiyo au hapana. Mwaka 1941, mjini Berlin, Konrad Zuse alionyesha mashine yake, Z3, yenye rele zaidi ya 2,000, ikifanya hesabu kwa kufuata maagizo iliyopewa. Miaka miwili baadaye mabomu ya vita yaliiharibu. Na mwaka 1947, katika chuo cha Harvard, mashine nyingine ya rele ilikosea hesabu. Mafundi walipoichungulia wakamkuta nondo amenaswa ndani ya rele moja. Wakamgandisha katika daftari la kazi na kuandika habari zake. Mdudu mdogo aliweza kuisimamisha mashine yenye kujaza chumba!

Jambo hilo lilionyesha udhaifu wa rele: vumbi, kutu na wadudu huingia kati ya vyuma vinavyogusana. Walter Ellwood, wa maabara ya simu ya Bell huko Marekani, alikuwa amekwisha kuwaza dawa yake mwaka 1936. Alitia mabati mawili membamba ndani ya kibomba cha kioo, ncha zake zikikaribiana bila kugusana, kisha kioo kikazibwa kabisa. Ukileta sumaku karibu, mabati hayo huwa sumaku nayo, huvutana, hugusana, na umeme hupita. Ukiiondoa, huachana kama matete mawili yarudivyo wima baada ya upepo. Hakuna mkono ulioyagusa, wala vumbi halikuingia.

Swichi hiyo ya kioo imewekwa mahali pengi: mlangoni, ili kumtangaza mwizi, katika tangi la maji, ambamo boya lenye sumaku hupanda na kushuka. Imewekwa pia katika vyombo vingi vinavyotiwa kifuani mwa wagonjwa ili kuusaidia moyo upige sawasawa, kazi iliyoanza Sweden mwaka 1958. Daktari huweka sumaku juu ya ngozi, na swichi iliyo ndani hutii. Hakuna kisu wala damu.

Rele ya kale nayo haijafa. Shofa azungushapo ufunguo wa gari, umeme mdogo wa ufunguo huamsha swichi ya sumaku, nayo huufungulia umeme mkubwa wa batri uigeuze injini. Ufunguo wenyewe ungepitisha umeme ule wote, ungeungua.

Joseph Henry alifariki mwaka 1878. Baadaye wataalamu wa nchi nyingi waliliita pimo moja la umeme kwa jina lake, henri. Hakutajirika kwa sumaku zake. Lakini kila shofa awashapo gari, na kila taa inyamazishapo treni isigonge nyingine, kuna kitu kidogo ndani kinachofanya lile alilolionyesha Princeton: hakiinui mzigo, humwamsha tu mwenye nguvu. Ndugu msomaji, nawe ukiona kazi yako ni ndogo, labda kumfundisha mtoto herufi au kumpelekea jirani habari njema, kumbuka mpigaji wa lokole katika kijiji cha pili. Bila yeye, habari ingaliishia njiani.