Diski Zilivyoachana na Kompyuta

IBM ilipozindua RAMAC mwaka 1956, diski zake 50, kila moja yenye kipenyo cha inchi 24, zilihifadhi herufi milioni 5. Kabati la diski hizo lilisimama ubavuni mwa kompyuta yake, na kwa zaidi ya miaka 30 iliyofuata utaratibu haukubadilika sana: kwa kawaida diski ilikuwa mali ya kompyuta moja, na haikukaa mbali nayo.

Kilichozifunga pamoja ni waya. Kompyuta ndogo na za kati zilitumia SCSI, mfumo uliochipuka katika kampuni ya Shugart Associates ya California na kupitishwa na ANSI, taasisi ya viwango ya Marekani, mwaka 1986. SCSI ilituma biti 8 kwa mpigo mmoja, kila biti kwenye uzi wake wa shaba. Biti zinazokwenda sambamba lazima zifike sambamba. Kebo ikirefuka au kasi ikipanda, baadhi huchelewa, na mpokeaji hashiki tena biti ipi ni ya kundi lipi. Ndiyo sababu kebo ya kawaida iliishia mita 6, na ile bora zaidi mita 25. Vifaa 8 tu viliweza kuishiriki, kompyuta yenyewe ikiwamo.

Gharama yake ilionekana ofisini. Kampuni yenye seva 10 ilikuwa na mafungu 10 ya diski: moja limefurika, la jirani yake nusu tupu, na hakuna namna ya kuazimana nafasi. Seva ikifa, data zake zilibaki nyuma yake bila njia ya kuzifikia, hata kama diski zenyewe zilikuwa nzima.

Dawa ilikuwa imeshaanza kuchemka kwingine. Mwaka 1966, huko Harlow, Uingereza, Charles Kao na George Hockham walieleza kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kinaweza kubeba mawasiliano kwa mwanga, mradi upotevu wa mwanga ushuke chini ya desibeli 20 kwa kilomita. Mwaka 1970 Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa kampuni ya Corning walipata uzi wa kioo wenye upotevu wa desibeli 17. Katika uzi huo biti hupita moja nyuma ya nyingine, kwa hiyo tatizo la kufika pamoja linatoweka. IBM iliuingiza katika kompyuta zake kubwa mwaka 1990 kwa mfumo wa ESCON, uliokuja kufikia megabaiti 17 kwa sekunde kwa umbali wa kilomita kadhaa.

Wakati huo kamati iliyo chini ya ANSI ilikuwa imeanza, tangu mwaka 1988, kuandaa kiwango ambacho kampuni yoyote ingeweza kukifuata. Kilipitishwa mwaka 1994 kwa jina la Fibre Channel. Kasi yake ya juu ilikuwa gigabiti 1 kwa sekunde, sawa na megabaiti 100 za data, kwa sababu kila biti 8 zilitumwa zikiwa 10. Mbinu hiyo, iliyobuniwa na Al Widmer na Peter Franaszek wa IBM, huhakikisha mwanga hauwaki wala hauzimiki kwa muda mrefu mno, hivyo mpokeaji hapotezi mapigo ya saa.

Lakini uamuzi mzito kuliko yote ulihusu msongamano. Mitandao ya kawaida ikizidiwa hutupa vifurushi vya data, na mtumaji huvituma upya. Kwa barua pepe hilo linavumilika. Kwa programu inayosubiri diski ithibitishe kwamba rekodi ya malipo imeandikwa, kila kifurushi kinachotupwa ni kusimama kwa kazi. Waasisi wa Fibre Channel wakageuza utaratibu: mpokeaji ndiye anayeanza kusema ana nafasi ngapi tupu, na mtumaji hathubutu kuzidisha. Kila nafasi ikifunguka, taarifa hurudi na kifurushi kingine kinaruhusiwa, kama daladala isiyopakia abiria mpaka kiti kiachwe. Umbali una bei yake hapa. Mwanga hutumia takribani mikrosekunde 5 kwa kila kilomita ya uzi, kwa hiyo kebo ya kilomita 10 kwa kasi ya gigabiti 1 huhitaji nafasi 5 hivi ili isikae bure. Kasi ikiongezeka maradufu, nafasi nazo huongezeka maradufu.

Mwanzoni wengi waliunganisha vifaa kwa duara lililobeba hadi 126, lakini wote waligawana kasi moja, na kifaa kimoja kikiingia au kutoka, duara zima lilitikisika. Kampuni ya Brocade, iliyoanzishwa California mwaka 1995, ilitoa swichi yake ya SilkWorm mwaka 1997. Kupitia swichi kila kifaa kilipata njia yake, na anwani za biti 24 zikaruhusu mamilioni ya vifaa. Seva nyingi zikachota data katika kabati moja la diski, kila moja ikiona fungu lake tu. Moja ikifa, nyingine ilichukua diski zake na kuendelea.

Upinzani ulikuja. Mwaka 2004 kiwango cha iSCSI kilipitisha amri za diski juu ya mtandao wa kawaida, kwa bei nafuu. Mwaka 2009 likapitishwa pendekezo la kubeba Fibre Channel ndani ya Ethernet, yaani mtandao huo wa kawaida, lakini Ethernet ilibidi kwanza ifundishwe kumsimamisha mtumaji badala ya kutupa data. Mpinzani alilazimika kuiga kanuni ileile ya mwaka 1994. Fibre Channel yenyewe imepanda kutoka gigabiti 1 hadi 32 na 64, sasa hubeba pia itifaki ya NVMe iliyoundwa kwa diski zisizozunguka, na vifaa vya kizazi kipya bado huelewana na vya vizazi viwili vilivyotangulia.