Majina ya Uwanja wa Barabara ya Jogoo, Nairobi

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba majina ya uwanja wa michezo ni ushahidi wa historia, kama zilivyo hati za serikali. Uwanja tunaoujadili umepakana na mtaa wa Kaloleni, mashariki ya kitovu cha jiji la Nairobi. Kabla ya kujengwa Nyayo (1983) na Kasarani (1987), ulikuwa miongoni mwa viwanja vikuu vya jiji.

Wakati wa ukoloni uliitwa, kwa Kiingereza, African Stadium. Tukisema 'Uwanja wa Waafrika', kihusishi -a chaweza kutupotosha, kwani huonyesha umilikaji na pia matumizi. Waafrika hawakuumiliki uwanja huo; walitengewa tu. Nairobi ya siku hizo iligawanywa kwa rangi hata katika michezo: Wazungu walikuwa na klabu zao upande wa magharibi na Parklands, Wahindi gymkhana yao, na Wagoa taasisi yao.

Uwanja uliitwa pia Donholm Road, kwa jina la barabara iliyopita kando yake. Nayo barabara ilichukua jina la shamba la mlowezi wa Kizungu. Baada ya uhuru wa 1963 barabara ikaitwa Jogoo, alama ya chama cha KANU, na uwanja ukafuata. Hivyo shamba la mlowezi na alama ya chama tawala vyote viliufikia uwanja kwa njia ya barabara. Jina la baadaye, City Stadium, lataja jiji. Hakuna hata moja kati ya majina haya lililotoka kwa watazamaji.

Ubunifu wa watu waonekana zaidi katika majina ya timu. Mnamo 1980 serikali ilitaka majina ya kikabila yaachwe. Abaluhya Football Club ikawa AFC Leopards, ikielezwa kuwa ni All Footballers Confederation. Gor Mahia, iliyopewa jina la mganga mashuhuri wa Wajaluo, ikawa Gulf Olympic Rangers. Msomaji ataona mara moja kwamba herufi AFC na GOR hazikuguswa. Amri ilitekelezwa katika daftari, na jina likabaki kinywani. Baadaye Gor Mahia ikalirudia jina lake waziwazi.

Mfano huu watufundisha kwamba mkusanyaji wa majina asitosheke na ramani wala daftari za usajili. Hana budi kuwauliza wazee wa Kaloleni na mitaa jirani waliuitaje uwanja wao walipokuwa wakienda mpirani. Kazi hiyo haifai kuahirishwa. Baadhi ya mitaa ya zamani ya halmashauri ya jiji imekwisha kubomolewa na wakazi wake wametawanyika. Na jina ambalo halikuandikwa hutoweka pamoja na walitumiao.