Christophe Munzihirwa

Christophe Munzihirwa Mwene Ngabo (1926–1996) alikuwa padri Mjesuiti na askofu mkuu wa Bukavu, Kivu ya Kusini. Alizaliwa Lukumbo, Walungu, wakati Kongo ikitawaliwa na Ubelgiji. Mji wa Bukavu uliitwa Costermansville hadi miaka ya 1950.

Alipadirishwa mwaka 1958, miaka miwili kabla ya uhuru wa Kongo, akajiunga na Wajesuiti mwaka 1963. Mwaka 1971, Rais Mobutu alipowaingiza jeshini kwa nguvu wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lovanium, Munzihirwa aliomba kuandikishwa pamoja nao. Baadaye aliongoza jimbo la Wajesuiti la Afrika ya Kati, kisha akawa askofu wa Kasongo.

Mwaka 1994, wakimbizi wengi kutoka Rwanda waliingia Bukavu baada ya mauaji ya kimbari. Munzihirwa, askofu mkuu tangu 1995, aliwatetea wakimbizi, akakemea uporaji wa wanajeshi wa Zaire (jina la Kongo wakati huo) na kuonya dhidi ya vita. Aliuawa na wanajeshi tarehe 29 Oktoba 1996 huko Nyawera, mjini Bukavu, siku mji huo ulipotekwa mwanzoni mwa Vita vya Kwanza vya Kongo.