Bunduki ya upepo na raifo: Ipi ngumu zaidi kulengea mbali?

WENGI hudhani kuwa bunduki ya upepo ni chombo cha watoto, na kwamba ulengaji halisi ni wa raifo. Katika masafa marefu, hali ni kinyume chake.

Tofauti hiyo hutokana na kasi. Baruti ya raifo ya milimeta 7.62 huirusha risasi kwa zaidi ya meta 800 kwa sekunde. Risasi hiyo hufika meta 100 kwa takriban sehemu ya nane ya sekunde, ikiwa imeshuka sentimeta 8 hivi. Risasi ya bunduki ya upepo, yenye uzito wa karibu nusu gramu, huanza na kasi ya meta 240 hivi. Safari hiyo hiyo huichukua karibu nusu sekunde, nayo hushuka takriban meta moja. Upepo mwanana wa kando huweza kuipotosha kwa zaidi ya sentimeta 10.

Katika Olimpiki, ambako raifo ya hewa iliingizwa mwaka 1984 mjini Los Angeles, shabaha yake huwekwa meta 10 tu. Hata hivyo, alama ya 10 ina kipenyo cha nusu milimeta.

Kwa mwindaji wa sungura, jambo hili si mchezo. Akiwa mbali hivyo, kosa la meta 5 katika kukadiria umbali hutosha kuikosa kichwa risasi yake, na mnyama akafa polepole vichakani. Mwenye bunduki ya upepo hana budi kusogea karibu, au kuacha kufyatua.