Miaka Tisa ya Kutafuta Kazi Isiyokuwapo

Tanzania ilipoingiza fao la kukosa ajira katika sheria zake za hifadhi ya jamii mwaka 2018, ubishi mkubwa ulikuwa juu ya fao la kujitoa lililokuwa linaondoka. Lipo swali jingine ambalo kila nchi yenye fao la aina hii hulifikia mapema au baadaye: asiye na kazi athibitishe vipi kwamba anaitaka? Uingereza ililigombania swali hilo kuanzia Machi 1921 hadi Machi 1930. Mwanazuoni Alan Deacon, aliyeandika kitabu kizima juu ya mkasa huo mwaka 1976, anahesabu karibu madai milioni 3 yaliyokataliwa katika muda huo kwa sababu moja tu, kwamba mwombaji hakuonekana kuitafuta kazi kwa dhati.

Bima yenyewe ya kukosa kazi ilipoanzishwa mwaka 1911, ikilipa shilingi 7 kwa wiki, haikuwa na sharti hilo. Waziri Churchill na mshauri wake Beveridge walikuwa wameanza na ofisi za kazi, zilizofunguliwa 1910, na hoja yao ilikuwa nyepesi: anayedhaniwa mvivu apewe kazi, akiikataa amejianika mwenyewe. Mwaka 1920 bima ilipanuliwa ikafikia wafanyakazi zaidi ya milioni 11, na papo hapo uchumi ukaporomoka. Katikati ya 1921 wasio na kazi walipita milioni 2. Ofisi hazikuwa tena na kazi ya kumjaribia mtu, na hapo ndipo mzigo ulipohamishwa. Serikali iliyoshindwa kuonyesha nafasi hata moja ilimtaka mwombaji aonyeshe jinsi alivyoihangaikia. Mwanzoni sharti liliwahusu waliomaliza haki yao ya michango. Mwaka 1924 likapanuliwa kwa wote, tena na serikali ya kwanza ya chama cha Labour. Mwaka 1926 mwamuzi mkuu wa rufaa za bima akatamka kwamba jambo la kwanza la kuchunguzwa ni hali ya nia ya mwombaji. Karani akawa mpima mioyo. Katika mabonde ya makaa ya mawe ya Wales Kusini, ambako kila mtu alijua mgodi upi umefungwa, aliyebaki nyumbani alihukumiwa na ukweli alioujua, na aliyezunguka kwenye malango yaliyofungwa alipata cha kumweleza karani.

Ugomvi ulifika kilele 1929. Margaret Bondfield, aliyeanza kuuza dukani akiwa na miaka 14, alikuwa Waziri wa Kazi na mwanamke wa kwanza katika Baraza la Mawaziri la Uingereza. Wafanyakazi walimtarajia aling'oe sharti, lakini saini yake ilikuwamo katika ripoti ya 1927 ya kamati ya Blanesburgh iliyoichunguza bima hiyo, ripoti iliyoliacha sharti mahali pake. Kifungu cha 4 cha muswada wake kililegeza kamba bila kuikata, na wabunge wa chama chake mwenyewe cha Labour wakamgeuka. Arthur Hayday wa Nottingham West alishikilia kanuni moja: asinyimwe mtu ila aliyeikataa kazi ya kufaa aliyoletewa. Ikabidi Mwanasheria Mkuu William Jowitt, ambaye miezi michache nyuma alichaguliwa kwa tiketi ya chama cha Liberal kabla ya kuhamia Labour, aokoe jahazi kwa maneno mapya. Tangu hapo ofisi ndiyo iliyopaswa kumjulisha mtu nafasi iliyopo. Asipoiomba bila sababu ya maana, ndipo anyimwe. Kwa maneno mengine, walirudi kwenye hoja ya 1911 baada ya kuzunguka miaka tisa.

Watetezi wa sharti hujibu kwamba lilipoondolewa, idadi ya waliosajiliwa ilipanda kasi, na kwamba mfuko wa wachangiaji wote hauwezi kuachwa bila mlinzi. La pili ni kweli, na kanuni ya Hayday iliweka mlinzi. La kwanza lina walakini. Mdororo wa dunia ulikuwa umeanza miezi mitano kabla, na sehemu ya waliojitokeza walikuwa hawana kazi tangu zamani. Walikuwa wamenyimwa tu, wakatoweka vitabuni. Wanawake walioolewa walikuwa wengi miongoni mwao, na sheria ya 1931 iliwaandama tena kwa mlango mwingine. Ikiwa sharti lilikuwa linawarudisha watu kazini, ilipaswa waonekane viwandani. Kilichoonekana ni hesabu ndogo kwenye daftari, jambo ambalo hazina ya serikali hulipenda na ambalo si ajira hata kidogo.

Mwaka 1989 sharti lilirudi Uingereza kwa jina la kutafuta kazi kwa bidii. Chini ya mfumo uliotungiwa sheria mwaka 2012, mwombaji anaweza kutakiwa kutumia hadi saa 35 kwa wiki akitafuta, na ni yeye anayeleta ushahidi wa saa hizo.