Betri Mpya, Desturi za Zamani

Maelezo ya leo baada ya taarifa ya habari yanahusu kitu kidogo ambacho takriban kila mmoja wenu anacho wakati huu, awe lindoni, awe kambini au katika kituo cha polisi. Kitu hicho ni betri ya lithiamu. Imo ndani ya simu, ndani ya tochi, ndani ya redio ya mkononi, na siku hizi imo hata ndani ya pikipiki. Betri hiyo ina historia yake, nayo kwa sehemu kubwa ni historia ya watu waliojaribu kuufungia moto mahali ambapo hautamdhuru mtu.

Tuanzie Ombaci, kilometa chache nje ya mji wa Arua. Wengi wanalijua jina hilo kwa sababu ya tarehe 24 Juni 1981, siku ambayo wanajeshi waliwaua raia waliokuwa wamekimbilia katika misheni ya Kikatoliki, na askari apitaye hapo hana budi kulijua jambo hilo. Leo tunapataja kwa sababu ndogo zaidi. West Nile ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa. Umeme wake ulitoka katika jenereta za dizeli na, tangu mwaka 2012, katika mtambo mdogo wa maji wa Nyagak wenye megawati 3.5, huko Zombo. Nyaya za gridi zilifika katika miaka ya 2020 tu. Kwa sababu hiyo watu wa Ombaci, Arua na Koboko waliizoea betri kabla ya kuuzoea umeme wa ukutani. Kibanda cha kuchaji simu kinajulikana na kila mtu: meza ya mbao, nyaya zilizosokotana, simu kumi au ishirini zimelazwa bega kwa bega na taa za sola, na mwenye kibanda amelala nyuma ya pazia. Mwandishi wa maelezo haya ameona vyumba vya kuchaji redio za kazi visivyotofautiana sana na kibanda hicho, isipokuwa hapana pazia.

Shida ya kwanza si uzembe. Shida ya kwanza ni elimu ya zamani. Maafande wa mawasiliano waliofunzwa katika zama za betri ya asidi, ile ya gari, walifundishwa kwamba betri ikiachwa tupu hufa, kwa hiyo ijazwe kabisa ndipo iwekwe ghalani, na ikibidi iachwe kwenye chaja usiku kucha. Elimu hiyo ilikuwa sahihi. Baadaye zikaja redio za mkononi zenye betri za nikeli na kadimiamu, na mafunzo yakawa kwamba betri itumike hadi iishe kabisa kabla ya kuchajiwa, kwa kuwa vinginevyo ingepungua nguvu. Nayo elimu hiyo ilikuwa na msingi wake. Lakini lithiamu inazikataa desturi zote mbili. Ikiwekwa ikiwa imejaa, hasa mahali pa joto, huchakaa upesi, na ikishika moto hali imejaa huwaka kwa ukali zaidi. Ikiachwa tupu kabisa kwa muda mrefu, shaba iliyo ndani yake huanza kuyeyuka, na siku ya kuchajiwa tena shaba hiyo huweza kujenga daraja la umeme mahali pasipotakiwa. Betri hii hupenda kuhifadhiwa ikiwa na karibu nusu ya nguvu zake, mahali pakavu na pa baridi.

Kwa nini iwe hivyo? Hapo hatuna budi kurudi nyuma miaka hamsini.

Katika miaka ya 1970, wakati bei ya mafuta ilipoitikisa dunia, kampuni ya mafuta ya Exxon ya Marekani ilimpa kazi mwanasayansi Stanley Whittingham atafute njia nyingine za kuhifadhi nishati. Alitengeneza betri yenye madini ya lithiamu halisi. Ilikuwa na nguvu ya ajabu, na iliwaka moto mara kwa mara katika maabara, hata kikosi cha zimamoto kikatishia kuitoza maabara hiyo gharama ya dawa maalumu za kuzimia moto wa lithiamu. Sababu ilikuja kujulikana. Kila betri ilipochajiwa, lithiamu iliota sindano nyembamba ndani yake. Sindano zikifika upande wa pili, umeme unakutana na mlipuko unafuata. Mwaka 1980 John Goodenough, akiwa Oxford, Uingereza, alionyesha kwamba oksidi ya kobalti hufaa kwa upande mmoja wa betri. Kisha Akira Yoshino wa Japani akaondoa lithiamu halisi upande wa pili na kuweka kaboni mahali pake. Yoshino aliipeleka betri yake katika uwanja wa kujaribia milipuko, akaiangushia pande zito la chuma. Haikutokea kitu. Akarudia kwa betri yenye lithiamu halisi, nayo ikalipuka vibaya. Afisa yeyote wa silaha atauelewa utaratibu huo wa uchunguzi bila kuhitaji maelezo.

Wengine hawakungoja. Mwaka 1989 simu zilizotumia betri za lithiamu halisi za kampuni ya Moli Energy ya Kanada zilishika moto huko Japani, zikarudishwa, na kampuni ikaangukia mikononi mwa wafilisi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1991, Sony ikaanza kuuza betri ya namna ya Yoshino, na dunia nzima ikaifuata. Whittingham, Goodenough na Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019, Goodenough akiwa na umri wa miaka 97. Sisi wa Afrika tumo katika habari hiyo, ingawa hatutajwi sana: kobalti nyingi ya dunia huchimbwa Kongo, jirani zetu wa mpakani, na kiwanda cha Kasese kilikuwa kikichuja kobalti kutoka katika mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe tangu mwaka 1999.

Yoshino aliipunguza hatari, hakuiondoa. Ndani ya kila betri upande mmoja na mwingine umetengwa na utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele. Utando huo ukitobolewa kwa kupondwa, au ukayeyuka kwa joto, au betri ikajazwa kupita kiasi, joto huzaa joto. Maji yaliyomo ndani ni ya kuwaka kama petroli. Oksidi nayo, ikipata moto, hutoa oksijeni, kwa hiyo betri hujiletea hewa yake yenyewe, na blanketi la kuzimia moto haliwezi kuinyima pumzi. Seli moja ikiisha, joto lake huiwasha jirani yake. Ziko betri za chuma na fosfeti, zilizotoka katika maabara ya Goodenough huko Texas mwaka 1997, ambazo huishika oksijeni yake kwa nguvu zaidi na hazilipuki upesi. Nyingi za akiba ya sola ni za namna hiyo. Hata hizo hazipaswi kudharauliwa.

Sasa tuje kwenye kisa kilichowapata majirani zetu wa Ethiopia, kwa maana ndicho kinachotufundisha habari ya mifuko. Mwezi Januari 2013 ndege mpya za Boeing 787 zilipatwa na moto wa betri, kwanza ndege ya Japani iliyoegeshwa Boston tarehe 7, kisha nyingine ya Japani iliyolazimika kutua haraka Takamatsu tarehe 16. Ndege zote za aina hiyo zikasimamishwa duniani kote, zikiwamo za shirika la ndege la Ethiopia. Wahandisi walihangaika kwa miezi mitatu. Jambo la kuzingatia ni kwamba hawakupata uhakika kamili wa chanzo cha moto. Basi walifanya lile ambalo mlinzi mwenye busara hulifanya akiwa hamjui adui atatokea wapi. Waliiboresha betri na chaja yake, wakaiweka betri ndani ya sanduku la chuma cha pua, na kutoka katika sanduku hilo wakapitisha bomba hadi nje ya ndege, ili moshi na gesi zitoke angani. Ndege ya kwanza kurudi kazini na abiria ilikuwa ya Ethiopia, iliyoruka kutoka Addis Ababa hadi Nairobi tarehe 27 Aprili 2013.

Haikupita miezi mitatu. Tarehe 12 Julai 2013 ndege ya 787 ya shirika hilo hilo ilishika moto ikiwa imeegeshwa Heathrow, London, bila mtu ndani. Betri kubwa zilikuwa salama ndani ya masanduku yake. Iliyowaka ilikuwa betri ndogo ya lithiamu ya chombo cha kutoa ishara ndege inapoanguka, na wachunguzi wa Uingereza waliona kwamba nyaya zake zilikuwa zimebanwa chini ya kifuniko. Waya uliobanwa tu, ndugu wasikilizaji.

Na moshi? Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya kampuni ya UPS iliondoka Dubai ikiwa imebeba betri nyingi za lithiamu. Shehena ikawaka, moshi ukajaa chumba cha marubani hata wasiweze kusoma vyombo vyao, na ndege ikaanguka ndani ya eneo la kambi ya jeshi ya Nad Al Sheba. Marubani wote wawili walikufa. Tangu tarehe 1 Aprili 2016 ni marufuku kusafirisha betri za namna hii kama mizigo katika ndege za abiria, na zinazosafirishwa katika ndege za mizigo ziliwekewa sharti la kutozidi asilimia 30 ya chaji. Majeshi nayo yameonja. Novemba 2008, nyambizi ndogo ya makomando wa jeshi la majini la Marekani iliungua Pearl Harbor wakati betri zake zilipokuwa zikichajiwa, na mwaka uliofuata mradi wake ukafutwa.

Ndipo tunapoufikia mfuko wa kuzuia moto. Mfuko huu hushonwa kwa kitambaa cha nyuzi za kioo, na ulienea kwanza miongoni mwa watu wanaorusha ndege ndogo za mchezo. Sasa unauzwa kila mahali kwa wenye droni, kamera na redio. Ni chombo chenye manufaa. Huzuia cheche na ndimi za moto zisirukie godoro au karatasi, nao huwapa watu dakika za kutoka. Lakini tuulinganishe na sanduku la Boeing. Sanduku lile lina bomba la kutolea moshi, mfuko hauna. Moshi wa betri, wenye gesi za sumu na za kulipuka, hutoka katika ukingo wa mfuko na kujaa chumbani, na ni lazima utoke, maana mfuko ukizibwa kabisa utapasuka. Kwa hiyo mfuko uliowekwa chini ya kitanda cha bweni hauna maana. Mfuko uliowekwa juu ya sakafu ya saruji, karibu na dirisha lililo wazi, katika chumba asicholala mtu wala kisichokuwa njia ya kutokea, hufanya kazi yake. Mji wa New York ulihesabu mwaka 2023 mioto 268 ya betri za lithiamu na vifo 18, na mara nyingi baiskeli ya umeme ilikuwa ikichajiwa nyumbani, pengine mlangoni penyewe, watu wamelala.

Pia mfuko usijazwe kama gunia la mahindi. Betri moja au mbili, si kumi, kwa kuwa seli huwashana. Majeshi yanajua umuhimu wa nafasi kati ya ghala na ghala; wakazi wa Mbagala na Gongo la Mboto, Dar es Salaam, waliujua kwa uchungu tarehe 29 Aprili 2009 na 16 Februari 2011, maghala ya silaha yalipolipuka. Nayo betri isiachwe katika gari lililofungwa juani, kama magari yanavyokaa mchana kutwa barabara ya Koboko. Chaja iwe ile iliyotengenezwa kwa betri hiyo, kwa sababu seli ya kawaida haipaswi kupita volti 4.2, na chaja ya bei rahisi haijui kusimama. Mtu awepo wakati wa kuchaji. Kabla ya zamu kulala, chaja zichomolewe, kwa kuwa betri ya lithiamu haihitaji kunyonyeshwa usiku kucha kama ile ya asidi.

Moto ukitokea, watu watoke kwanza, umeme ukatwe ikiwezekana, na betri ya simu au redio imwagiwe maji mengi, kutoka mbali na bila kuuvuta moshi. Kinachotakiwa ni kuipoza. Unga wa mtungi wa kuzimia moto hufukuza ndimi lakini hauondoi joto, na betri iliyoonekana imezimika huweza kuwaka tena baada ya saa nyingi. Iliyovimba isitobolewe ili itoe hewa, kama tulivyoona mafundi wakifanya kwa mzaha.

Mwandishi huyu alipata kuwa na betri ya kinasa sauti iliyovimba hata kifuniko kikakataa kufunga. Aliibeba wiki nzima mfukoni, akidhani ni ukaidi wa plastiki. Fundi mmoja wa Arua aliitazama, hakuigusa, akasogeza kwa mguu ndoo ya mchanga iliyokuwa mlangoni pake, akaonyesha kwa kidole kwamba iwekwe humo, kisha akaipeleka ndoo uani, mbali na ukuta.